Benchi la Bakari Shime

Msimu wa 2015/16 ulipomalizika, Tanga ilipoteza timu zake zote tatu za Ligi Kuu kwa mkupuo mmoja. Coastal Union, Wagosi wa Kaya, mabingwa wa nchi wa mwaka 1988, walishuka daraja. African Sports, klabu ya tangu 1936 iliyokuwa imerudi Ligi Kuu msimu huohuo baada ya kusota kwa miaka, ilishuka nayo. Mgambo JKT, timu ya askari kutoka kambi ya Mgambo kule Kabuku, wilayani Handeni, ikawafuata. Mji ambao Jumamosi na Jumapili ulikuwa unagombania nafasi Mkwakwani ukabaki na uwanja wa kusikilizia redio.

Nimeanza na msiba huo kwa sababu katika mojawapo ya timu hizo tatu ndimo alimojijengea jina kocha ambaye leo anatajwa kwanza kila inapozungumzwa soka ya wanawake ya Tanzania. Bakari Shime hakuanza na wanawake. Watu wa Tanga walimjua akiwa kocha wa Mgambo, na washabiki wakampachika jina la Mchawi Mweusi, kwa namna timu yake isiyo na fedha wala majina makubwa ilivyokuwa inawatoa jasho wakubwa. Msimu wa 2013/14 unakumbukwa. Februari 2014 Simba walikuja Mkwakwani wakafungwa bao 1-0. Mwezi uliofuata ikaja Yanga, nayo ikapigwa 2-1, kipigo kilichowaumiza katika mbio za ubingwa ambao mwishowe ulikwenda Azam. Mgambo yenyewe msimu ule ilikuwa inapigania kubaki Ligi Kuu.

Timu kama Mgambo humfundisha kocha mambo ambayo klabu tajiri haina haja nayo. Hakuna kusajili mtu wa kuziba pengo katikati ya msimu. Aliyepo ndiye huyohuyo, na akiwa na upungufu, kazi ni kumpanga mahali ambapo upungufu wake hautaonekana na nguvu yake itaonekana. Pumzi inatafutwa alfajiri. Beki anajifunza kusimama na mwenzake mpaka wanajuana kwa macho. Mtu aliyekaa miaka katika kazi ya namna hiyo, ukimkabidhi mabinti wa miaka 16 ambao wengi wao hawajawahi kuwa na kocha wa kudumu, hatapoteza muda kulalamika kwamba hawana hiki wala kile.

Kabla ya mabinti walikuja wavulana. Shime alikuwa kocha wa Serengeti Boys, timu ya taifa ya chini ya miaka 17, katika safari ya kwenda fainali za Afrika za 2017. Safari yenyewe ilikuwa ya mashaka. Oktoba 2016 walitolewa na Congo Brazzaville kwa bao la ugenini: walishinda 3-2 nyumbani, wakafungwa 1-0 kule. Tanzania ikakata rufaa kuhusu umri wa mchezaji mmoja wa Congo, CAF ikaagiza apimwe, wenzetu wakashindwa kumfikisha kwenye vipimo, tiketi ikarudi Dar es Salaam. Mei 2017 vijana wakatua Gabon. Walitoka sare ya bila kufungana na Mali waliokuwa mabingwa watetezi, wakaifunga Angola 2-1, na mchezo wa mwisho kule Port-Gentil walihitaji sare tu mbele ya Niger. Wakafungwa 1-0.

Bao hilo moja liliondoka na mengi. Timu nne zilizoingia nusu fainali ndizo zilizopata nafasi ya Kombe la Dunia la vijana la mwaka ule, na Niger, waliolingana na Tanzania kwa pointi, wakatangulia kwa sababu walituchapa sisi. Kombe hilo la 2017 lilichezwa India. Msomaji aishike nchi hiyo, tutarudi huko.

Mwaka uliofuata Shime alikuwa kwenye benchi la wanawake. Hakukuta jangwa. Charles Boniface Mkwasa alikuwa ameipeleka Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake, fainali za Afrika za 2010 kule Afrika Kusini, zikiwa za kwanza kwetu. Wakafungwa mechi zote tatu, lakini mbili kati ya hizo, dhidi ya wenyeji na dhidi ya Mali, zilipotea kwa tofauti ya bao moja tu. Mwaka 2016 Sebastian Nkoma aliiongoza Kilimanjaro Queens, timu ya wanawake ya Tanzania Bara, kutwaa ubingwa wa CECAFA, ukanda wetu wa Afrika Mashariki na Kati, mjini Jinja kwa kuifunga Kenya 2-1 fainali. Na Novemba 2016 Ligi Kuu ya Wanawake ilianza rasmi, Mlandizi Queens ya Pwani wakawa mabingwa wa kwanza. Julai 2018, mjini Kigali, Shime akautetea ubingwa wa CECAFA.

Novemba 2019 akaupoteza nyumbani. Fainali ilichezwa Chamazi, Kenya wakashinda 2-0, mabao yote ya Jentrix Shikangwa. Queens walikuwa mabingwa mara mbili mfululizo, uwanja ulikuwa wao, washabiki walikuwa wao. Katika nchi hii kocha wa timu ya taifa ya wanaume akipoteza fainali ya namna hiyo hana hakika ya kuamka na kazi yake. Shime alibaki, na naona uamuzi wa TFF, shirikisho la soka, wa kumbakisha una uzito sawa na kombe lolote alilolichukua baadaye, kwa sababu matunda yote ninayoyaeleza katika sura hii yalikomaa baada ya siku ile.

Kwani huyu kocha hakuwa na timu moja. Alikuwa na Twiga Stars ya wakubwa, akaishika Tanzanite ya chini ya miaka 20, akaishika Serengeti Girls ya chini ya miaka 17. Binti aliyemwona kambini akiwa na miaka 15 hakumkabidhi kwa mtu mwingine alipofikisha 18. Alipanda naye. Novemba 2020 timu yake ya chini ya miaka 17 ilialikwa COSAFA, mashindano ya ukanda wa kusini mwa Afrika, kule Afrika Kusini, ikarudi na kombe baada ya kuitoa Zambia kwa matuta. Mmoja wa mabinti wa kikosi kile alikuwa Aisha Masaka. Mwaka 2022 Masaka alikwenda Sweden kuichezea BK Häcken, na 2024 akasajiliwa na Brighton ya Ligi Kuu ya Wanawake ya Uingereza, mahali ambapo hakuna Mtanzania aliyekuwa amefika kabla yake.

Wakubwa nao walikwenda COSAFA mwaka 2021, wakialikwa tena, maana ukanda ule si wetu. Mgeni kwa kawaida hualikwa ili idadi ya timu itimie. Twiga Stars waliifunga Zimbabwe, wakaifunga Botswana, wakaifunga Sudan Kusini, wakaitoa Zambia nusu fainali kwa matuta, na tarehe 9 Oktoba wakacheza fainali na Malawi. Enekia Kasonga akafunga bao pekee. Kiungo Amina Bilali akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano. Kombe la nchi za kusini mwa Afrika likapanda ndege kwenda Dar es Salaam.

Hapa nataka kusimama kidogo nizungumzie mabinti wenyewe wanatoka wapi, hasa huku kwetu pwani.

Binti wa Tanga au Pangani anayependa mpira huanza na ndugu zake wa kiume, mtaani, miguu mitupu. Shule ya msingi inampa UMITASHUMTA, sekondari inampa UMISSETA. Kati ya hapo anavunja ungo, na ghafla kaptura inakuwa suala la familia nzima. Bibi ana neno, shangazi ana neno, jirani ambaye hajaulizwa naye ana neno. Wengine huacha hapo. Wazazi wanaomwachia mtoto acheze wanajua kwamba wanamwachia na maneno ya watu, na ujasiri wao haujaandikwa vya kutosha. Lakini simkubalii mtu anayesema kwamba pwani haiwezi kumkubali mwanamke mbele ya kadamnasi. Tanga ndiyo iliyotoa Black Star na Lucky Star, taarabu iliyosikika Afrika Mashariki nzima, na sauti ya mbele ilikuwa ya Shakila Saidi. Mji huo umekaa ukumbini ukamsikiliza mwanamke, ukamtuza, ukajivunia jina lake. Uwanja wa Mkwakwani hauko mbali na kumbi hizo.

Tatizo kubwa naliona kwingine: binti akimaliza kidato cha nne, anakwenda wapi? Kwa mvulana kuna klabu za mtaa, kuna ligi za madaraja ya chini, kuna ndoto ya Simba na Yanga inayomfanya asubiri. Wamarekani walijibu swali hili kwa vyuo. Mwaka 1972 walipitisha sheria inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali kuu, na vyuo vikalazimika kuwapa wanawake nafasi michezoni. Mwaka 1979 Anson Dorrance alianzisha timu ya wanawake katika Chuo Kikuu cha North Carolina. Alistaafu 2024 akiwa na ubingwa wa vyuo mara 21 chini ya NCAA, bila kuhesabu wa 1981 uliochezwa chini ya chama kingine. Tangu 1986 alikuwa pia kocha wa timu ya taifa. Mia Hamm alimwita timu ya taifa akiwa na miaka 15, kisha akamfundisha chuoni. Marekani ilipotwaa Kombe la Dunia la kwanza la wanawake, China, 1991, Dorrance ndiye aliyekuwa kwenye benchi, na uwanjani walikuwemo mabinti wake wa chuo.

Kwetu vyuo vina michezo, lakini si njia inayomlea mchezaji wa taifa. Kazi hiyo imefanywa kwa sehemu kubwa na jeshi. JKT Queens ni bingwa wa mara kadhaa wa Ligi Kuu ya Wanawake, na kwa binti wa kijijini jina la JKT lina maana ya kambi, chakula, nidhamu, na matumaini ya ajira siku magoti yatakapochoka. Simba na Yanga nao waliingia na Simba Queens na Yanga Princess, na wenye bahati wakapata mishahara. Bado ngazi hii ina mapengo, na kwa miaka kadhaa aliyeyaziba alikuwa mtu mmoja mwenye filimbi. Dorrance alikuwa na chuo nyuma yake: viwanja, mabweni, ada iliyolipwa. Shime alikuwa na kambi za wiki chache na orodha ya majina aliyoitunza mwenyewe kichwani. Ndiyo maana nayahesabu mafanikio yake kwa mizani tofauti na ile ya makombe.

Tukifika 2022 matunda yanaonekana. Serengeti Girls walikuwa wamebakiza Cameroon tu kufuzu Kombe la Dunia la chini ya miaka 17. Cameroon walikuwa wameshacheza fainali hizo 2016 na 2018. Mechi ya kwanza ilichezwa Yaoundé mwezi Mei, na kila mzoefu wa soka ya Afrika alikuwa akiomba tufungwe kidogo ili nyumbani pawe na kazi ya kufanya. Mabinti wakashinda 4-1. Marudiano yakapigwa Uwanja wa Amaan, Unguja, tarehe 5 Juni, wakashinda tena 1-0. Kwa mara ya kwanza timu ya soka ya Tanzania, ya wanaume au ya wanawake, ya umri wowote, ikapata tiketi ya fainali za Kombe la Dunia la FIFA. Fainali zenyewe zilikuwa India.

Nchi ileile iliyomponyoka Gabon kwa bao moja, Shime aliingia akiwa na mabinti.

Oktoba 12, Goa, Japan iliwafunga 4-0. Mtu aliyeiona mechi ile hakuona aibu yoyote, aliona tofauti ya malezi: binti wa Kijapani anapokea mpira akiwa ameshajua utakwenda wapi. Swali lilikuwa kocha atafanya nini siku tatu baadaye dhidi ya Ufaransa, waliowahi kuwa mabingwa wa dunia wa umri huo mwaka 2012. Timu nyingi changa zikishachapwa nne hujifungia golini zikiomba dakika zikimbie. Serengeti Girls walitoka mbele. Diana Mnally akafunga mapema.  Kipindi cha pili ikapatikana penalti, Christer Bahera akaweka mpira, akapiga, ukaingia. Wafaransa walipata bao moja tu, mechi ikaisha 2-1. Baada ya penalti ile hadi mwisho ilikuwa kazi ya kukaba, kukimbia na kusaidiana, kazi ambayo Kabuku wanaijua vizuri. Hivyo ndivyo Tanzania ilivyopata ushindi wake wa kwanza katika Kombe la Dunia la FIFA, na walioupata walikuwa wasichana ambao hawajafikia umri wa kupiga kura.

Oktoba 18 Canada walitangulia kufunga, Veronica Mapunda akasawazisha, 1-1. Kundi likaisha hivi: Japan pointi tisa, Tanzania nne, Canada mbili, Ufaransa moja. Robo fainali iliwakutanisha na Colombia ya Linda Caicedo, ambaye mwaka huohuo, akiwa na miaka 17, alikuwa ameshachezea fainali ya Copa América ya wakubwa. Wakafungwa 3-0. Colombia walikwenda mpaka fainali.

Nchi ilishangilia, kisha, kama kawaida yetu, ikarudi kwenye Simba na Yanga. Ila kwa Shime kazi haikukatika, maana wakubwa walikuwa na deni la tangu 2010. Septemba 2023 Twiga Stars walifungwa 2-0 Ivory Coast, wakarudi Chamazi wakalipa 2-0, wakapita kwa matuta. Raundi iliyofuata wakaifunga Togo 3-0 nyumbani, wakaenda Lomé wakafungwa 2-0, wakafuzu kwa jumla ya 3-2. Jozi hizo mbili za mechi zinaonyesha mwalimu wa namna gani: timu yake inaweza kuzidiwa ugenini, lakini haivunjiki, na ikirudi nyumbani inajua inachokitafuta.

Fainali zenyewe, zilizoahirishwa, zilichezwa Morocco Julai 2025. Mali waliwafunga 1-0. Kisha wakakutana na Afrika Kusini, mabingwa watetezi, na Opa Clement akafunga kwa penalti, mechi ikaisha 1-1. Hiyo ilikuwa pointi ya kwanza ya Tanzania katika historia ya fainali hizo. Mechi ya mwisho Ghana waliwachapa 4-1, safari ikaishia hapo.

Kipigo cha Ghana nakichukulia kwa uzito kuliko cha Japan. Kile cha Japan kilikuwa cha watoto walioingia dunia mpya. Cha Ghana kilionyesha kwamba tukifika dakika za 60 na kuendelea tunapungukiwa na watu wa kuingia kutoka benchi. Kikosi cha kwanza cha Twiga Stars kinaweza kusimama na yeyote Afrika. Cha pili bado. Na kikosi cha pili hakitengenezwi na kocha wa taifa, hata awe mchawi kweli. Kinatengenezwa mikoani, na kina mama na kina baba wanaofundisha mabinti 20 kwa mipira mitatu, bila posho, jioni baada ya kazi.

Tanga ina nafasi ambayo mikoa mingine haina. TFF imejenga kituo cha ufundi Mnyanjani, nje kidogo ya katikati ya mji, kwa msaada wa fedha za FIFA. Nyasi zipo, mahali pa kulala pa wachezaji papo. Wallace Karia, rais wa shirikisho tangu 2017, ni mtu wa Tanga, na uchaguzi wa 2021 uliomrudisha madarakani ulifanyika hukuhuku. Kwa mji wenye bahati hizo, kuwa na ligi ya wasichana ya mkoa inayochezwa mwaka mzima, kutoka Mkinga hadi Pangani, na Handeni, Korogwe na Lushoto zikishuka kucheza na Muheza, si ombi kubwa. Basi, waamuzi, mipira, na mwalimu mmoja mwenye cheti katika kila wilaya. Ningeanza na huyo mwalimu, na ningetaka awe mwanamke, kwa sababu yule bibi na yule shangazi wanaohofia kaptura watamsikiliza mwanamke mwenzao aliyewahi kuivaa.

Walimu wa namna hiyo wanaweza kupatikana, na mfano upo. Esther Chabruma alikuwa mchezaji wa Twiga Stars ile ya Mkwasa iliyokwenda Afrika Kusini 2010. Agosti 2023 alikuwa kocha wa JKT Queens kule Uganda, walipoitoa CBE ya Ethiopia kwa matuta na kuchukua tiketi ya ukanda wa CECAFA. Novemba akawapeleka Ivory Coast, Ligi ya Mabingwa Afrika ya Wanawake. Walipoteza mechi mbili, mbele ya Mamelodi Sundowns na SC Casablanca, wakashinda moja, 2-1, dhidi ya Athlético Abidjan, kwenye ardhi ya wenyeji.